Anayekiri Anabaki

Kinyozi alinusa mara ya kwanza, akadhani pua yake inamzuga. Akanusa mara ya pili, moyo ukampiga paa.

"Puliza tena, mzee wangu," akasema.

"Nimeshapuliza," akajibu Fundi Saa. "Au unataka nipulize mpaka roho initoke?"

Walikuwa wamesimama ukumbini uso kwa uso, kama walivyosimama wenzao wote, wawili wawili kutoka mlangoni hadi dirishani, huku harufu ya maharage ikitoka jikoni. Ndiyo desturi ya nyumba ile. Kila jioni kabla ya chakula, mtu anasimama na mwenza wake, yaani yule anayelala naye chumba kimoja, anaachama na kumpulizia pumzi puani. Zamani palikuwa na mashine ya kupulizia, ikaharibika, na wafadhili walioitoa hawakuonekana tena. Basi zikabaki pua. Mgeni akiingia saa ile atacheka mbavu zimuume: wanaume wazima na ndevu zao, wanapuliziana kama watu wanaopoza chai! Wenyewe walikuwa hawacheki sana. Ilikuwa nyumba ya watu walioacha pombe, au tuseme wanaojaribu kuacha, na hakuna hata mmoja wao ambaye hajawahi kumwapia mama yake kwamba hajanywa, huku chupa iko kiunoni.

Fundi Saa akapuliza tena. Harufu ilikuwepo. Si ya kitunguu, si ya meno mabovu, si ya njaa. Ilikuwa tamutamu, ya matunda yaliyosahauliwa kwenye mfuko yakachacha. Kinyozi aliwahi kuamka na harufu ya aina hiyo kwenye mto wake mwenyewe miaka na miaka.

"Safi?" akauliza Mwalimu kutoka kwenye kiti chake.

Kinyozi akamgeukia. "Safi," akasema, na chakula cha siku ile hakikumshuka.

Huyu Mwalimu ndiye aliyekuwa msimamizi wa nyumba. Mwanamke mfupi, mkavu, mwenye macho ya kupekua. Alifundisha watoto miaka mingi akiwa na chupa ya chai mezani, na ndani ya chupa hapakuwa na chai. Sasa hajagusa kitu muda mrefu, na aliwaendesha wale wanaume kama darasa la watundu. Sheria zake zilikuwa nyingi, lakini mbili zilizizidi nyingine zote. Ya kwanza: ukijua ya mwenzako ukanyamaza, mnatoka wote wawili. Ya pili: aliyeteleza akakiri anabaki, aliyeteleza akakana anatoka siku hiyohiyo na mfuko wake. "Kuteleza si kuanguka," alikuwa akisema. "Lakini mlevi anayekana, huyo bado anainywa hata kama chupa hana. Mficha maradhi, kifo humuumbua." Msemo huo aliurudia mpaka watu wakawa wanaumalizia kabla yake.

Kinyozi naye alikuwa na historia yake, na si nzuri. Mkasi aliurithi kwa baba yake, pamoja na kibanda, kioo chenye ufa na benchi la wateja. Alikuwa na mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Ukimpa kichwa, unaondoka umenyolewa na habari za mtaa mzima umezipata bure. Akaanza na moja ya kuondoa uchovu jioni. Kisha moja ya kuondoa usingizi asubuhi. Mwisho mkono ukawa hautulii bila ya kupata kitu, na siku ambayo hakuwa na kitu alikunywa ile spiriti ya kufutia mashine. Asubuhi moja akaja bwana harusi kunyolewa ndevu. Jamani, kati ya wateja wote duniani, bwana harusi! Kinyozi akampunguza ncha ya sikio. Yule kijana alifunga ndoa akiwa amefungwa bandeji kichwani, na picha zote za harusi zimetoka hivyo mpaka leo. Baada ya hapo nani atakalia lile benchi? Mke alishaondoka. Aliyebaki ni dada yake, na dada yake ndiye aliyemkamata ukosi wa shati, akamburuta hadi kwenye geti la nyumba ile akisema, "Kama ni kufa, ukafie mikononi mwa watu, si kwenye kizingiti changu."

Hakufa. Aliteleza mara moja, akakiri, akabaki. Kwa hiyo zile sheria za Mwalimu kwake hazikuwa maneno ya ukutani, zilimwokoa mwenyewe. Akawa anawanyoa wenzake uani, kila mtu na wembe wake, mkasi ukitoka kwenye maji ya moto, maana spiriti haikuruhusiwa kuvuka geti, wala manukato, wala dawa ya kikohozi. Na mwenza aliyepewa alikuwa Fundi Saa.

Fundi Saa alimzidi umri kwa mbali. Alikuwa mtu wa kutengeneza saa, mpole, mwenye maneno machache na yote ya kuchekesha. Wawili hao walipendana. Tusizungushe maneno: Kinyozi hakuwahi kuwa na kaka, na huyu alikuwa kaka. Walifuliana, walitaniana, mmoja akiota ndoto ya pombe mwenzake alimwamsha. Na Fundi Saa alikuwa karibu kuondoka. Binti yake, ambaye alikuwa hamsemeshi tangu mzee alipoiuza cherehani ya binti huyo ili anywe, alikuwa amekubali kumchukua mwezi ukiisha. Kuna chumba uani kwake, alimwambia, na kuna mjukuu ambaye hajawahi kumwona babu yake akiwa timamu. Ila alimwambia pia, mbele ya Mwalimu, bila kupepesa macho: "Tone moja, baba. Tone moja tu likikupita kooni, mimi na wewe basi."

Sasa harufu hiyo imetoka wapi?

Kinyozi akaanza kumchunguza mwenzake, na mtu akianza kuchunguza hakosi cha kuona. Aliona kwamba Fundi Saa anakunywa maji kupita kiasi: kopo la kwanza, la pili, la tatu, huku anahema. Nani asiyejua kiu ya mtu aliyelala na pombe? Aliona kwamba anakwenda msalani kila mara, na akienda anakaa. Anafanya nini huko? Aliona shati linampwaya, mashavu yameingia ndani. Mlevi chakula chake ni chupa, wote wanajua. Na siku Mwalimu alipomletea ile saa ya ukutani iliyosimama, yule fundi wa miaka yote alishindwa kupachika skrubu. Akaidondosha, akaitafuta mezani kwa kupapasa, na ilikuwa mbele ya macho yake.

"Macho yananifanyia ukungu," akasema. "Uzee huu."

"Uzee umeanza wiki hii?" akauliza Kinyozi.

Fundi Saa akacheka. Kinyozi hakucheka.

Fundi Saa alipotoka kwenda kuoga, Kinyozi alipekua chini ya godoro, ndani ya viatu, nyuma ya kabati, mpaka kwenye mfuko wa nguo chafu. Hakukuta kitu. Mtu mwingine angeshukuru. Yeye alizidi kuwa na wasiwasi, maana yeye mwenyewe alipokuwa mnywaji hodari hakuna aliyewahi kukuta kitu chake. Kutokukuta kitu kukawa ushahidi.

Siku ya zamu ya sokoni, wawili hao walitumwa vitunguu. Huko sokoni Fundi Saa akasema anakwenda pembeni mara moja. Kinyozi akamfuata kwa mbali akijibanza kwenye magunia. Akamwona anaingia duka moja dogo, anatoka baadaye anajifuta mdomo kwa kiganja. Kinyozi hakujivunga. Alisubiri mwenzake apotelee mbele, akaenda kwa muuzaji.

"Yule mzee amekunywa nini hapa?"

"Soda," akasema muuzaji. "Mbili za baridi. Kila akija ni hivyo, anazimimina kama anazima moto."

"Soda tupu?"

"Kwani soda inanywewa na nini?"

Lo! Kinyozi alijua vitu visivyopungua kumi ambavyo soda hunywewa navyo. Alirudi na vitunguu begani na hasira kooni. Na katika hasira hiyo palikuwa na kitu kingine, ambacho hakukitazama sana. Tangu binti yule aseme atamchukua baba yake, Kinyozi alikuwa analala vibaya. Mwenzake anakwenda kwenye chumba na mjukuu. Yeye anabaki na kitanda kitupu ubavuni, na pengine wamletee mwenza mwingine anayekoroma. Alimwombea mema, ndiyo. Lakini kama angebaki kidogo tu, nani angelia?

Kesho yake mchana alimkalisha uani kumnyoa. Akampaka sabuni, akaushika wembe, akainama karibu na ule uso. Harufu ikampiga wazi.

"Mzee wangu," akasema kwa sauti ya chini, "tuko wawili tu hapa. Unakunywa?"

Fundi Saa alitulia na povu lake kidevuni. "Sijanywa, mdogo wangu."

"Nanusa."

"Unanusa nini mimi sijui. Sijanywa. Naumwa tu, mwili umechoka."

"Kila mtu humu aliwahi kuumwa tu. Mimi niliwahi kuumwa malaria mwaka mzima!"

"Nakwambia sijanywa. Niape kwa nani?"

Loo, angenyamaza! Maana kiapo katika nyumba ile hakikuwa na thamani ya ganda la muwa. Jinsi alivyozidi kukana ndivyo Kinyozi alivyozidi kuamini. Alijiona mwenyewe pale kwenye kiti, macho meupe, ulimi unaapa. Machozi yakamlengalenga.

"Nisikilize," akasema. "Mimi nimekufunika, na nikiendelea kukufunika tunatoka wote. Wakikubana kwenye kikao ukakana, unatoka kwa geti na mfuko, na binti yako atasikia umefukuzwa na tena umesema uongo. Kiri. Ukikiri utabaki. Tutaanza upya wewe na mimi. Nakuomba, kaka. Nikupigie magoti?"

"Nikiri nini, sasa?"

"Kwamba umekunywa."

Fundi Saa alimtazama kwa yale macho yake ya ukungu, kama mtu anayesoma maandishi madogo. "Na binti?" akauliza.

"Binti atapoa. Damu nzito kuliko maji. Ila ukifia barabarani atapoa na nani?"

Kikao kilikuwa asubuhi iliyofuata, baada ya chai, viti vikipangwa duara. Kinyozi aliomba Mungu lisitajwe, lakini walikuwa na Kasuku. Huyu alikuwa kijana wa kubandika matangazo, mdomo hauna breki, na kila jambo la nyumba ile lilipita kwake kwanza. Mwalimu alipouliza kama kuna mwenye neno, Kasuku akasimama.

"Mimi simsemi mtu," akasema, kumaanisha anamsema. "Ila Fundi Saa jana kapepesuka pale jikoni akashika ukuta. Na nilipita karibu yake. Naomba niishie hapo."

Nyuso zote zikageuka. Mwalimu akavua miwani. "Fundi?"

Mwalimu akamgeukia Kinyozi. "Na wewe mwenza wake? Kila jioni unasema safi. Ni safi?"

Kinyozi aliutazama mlango. Alihisi miguu yake imekwishafika getini. Ndipo Fundi Saa aliposimama. Alisimama kwa shida, ameshika kiti cha jirani yake.

"Muacheni," akasema. "Hajui kitu. Nilikuwa nasukutua kwa chumvi kabla ya kupuliza. Nimekunywa."

"Mara ngapi?"

"Mara... mara kadhaa. Sokoni."

"Sema yote."

"Nimekunywa, Mwalimu. Mimi ni mlevi na nimekunywa. Naomba nibaki."

Wakapiga makofi. Ndiyo, katika nyumba ile anayekiri hupigiwa makofi, na si ya dhihaka. Wakamzunguka, wakamkumbatia, Kasuku akiwa wa kwanza na machozi yanamtoka. Kinyozi alimkumbatia kwa nguvu, akamsikia amekuwa mifupa mitupu, akamwambia sikioni, "Ahsante, kaka." Alikuwa na furaha. Tena furaha kubwa. Na Mwalimu, kwa kuwa ndugu wa watu wale wameshadanganywa vya kutosha maishani mwao, alikwenda ofisini akampigia simu binti na kumwambia ukweli, au kile alichodhani ni ukweli. Aliporudi alisema tu, "Amekata."

Fundi Saa akaenda kujilaza akageukia ukutani.

Mtu aliyeteleza alikuwa na matunzo yake. Analazwa, hatoki chumbani, mwenza wake hambanduki, na anapewa vitu vitamu, maana sukari hupunguza hamu ya pombe na kurudisha nguvu. Kinyozi aliifanya kazi hiyo kwa moyo wote. Alikoroga uji, akaweka sukari, akaonja, akaongeza. Alikoroga maji ya glukosi kwenye jagi. Fundi Saa alikuwa na kiu isiyoisha, kwa hiyo alikunywa yote, na Kinyozi akakoroga mengine. "Kunywa, kaka, itoke yote," akimwambia. Fundi Saa alikunywa kwa utii.

Alianza kutapika. Wakasema ni pombe inatoka. Akaanza kuhema kwa nguvu, kifua kikipanda na kushuka kama mtu aliyepandisha mlima na gunia. Wakasema mwili unadai. Wote waliwahi kupitia hayo, kila mmoja akasimulia ya kwake pale mlangoni, mmoja aliona panya wa buluu, mwingine alizungumza na marehemu bibi yake, wakacheka kidogo. Mwalimu alikuja, akamgusa paji la uso, akasema tumpe hadi kesho.

Lakini Kinyozi alikuwa amekaa pale kitandani, na pua yake ilikuwa pale.

Harufu ilikuwa inazidi.

Mwanzoni hakupata shida kuieleza: kuna mtu anamwingizia pombe. Nani? Akamshuku Kasuku. Yule si alilia sana kwenye kikao? Kulia kote kule kwa nini? Akamshuku mpishi, akalinusa bakuli la uji kabla ya kulipokea. Akamshuku Fundi Saa mwenyewe, akamgeuza kitandani kama anayetafuta kunguni, akapapasa mpaka ndani ya foronya. Hakuna. Akafunga mlango kwa ufunguo, akafunga dirisha, akakaa kwenye kiti amekikabili kitanda, hakutoka hata msalani, akatumia kopo. Kila kilichoingia kinywani mwa mzee yule kilitoka mkononi mwake yeye. Na ilipofika alasiri ya siku ya pili akainama kumnusa, harufu ilikuwa kali kiasi cha kuujaza mdomo wake mwenyewe.

Kinyozi akakaa chini sakafuni. Hata pua ya mbwa ina mwisho wake, na akili ya mtu nayo ina mahali inapogonga ukuta. Maji na uji havileweshi. Basi huyu hajanywa. Hajanywa leo. Na kama harufu hii ya leo si pombe, ile ya jana ilikuwa nini?

"Mzee wangu," akaita. "Kaka. Ulikunywa kweli?"

Fundi Saa hakujibu. Macho yalikuwa nusu wazi na hayakuwa yakitazama kitu.

Salale! Kinyozi alitoka mbio hadi ofisini, akamshika Mwalimu mkono, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuthubutu. "Huyu ni mgonjwa! Si pombe, ni mgonjwa!" Mwalimu akaanza kusema kwamba siku ya pili ndiyo mbaya zaidi, akamwona uso, akaacha. Kasuku, mdomo huohuo, ndiye aliyepiga kelele barabarani mpaka teksi ikasimama.

Hospitali, Nesi wa mapokezi alisogea kitandani, akavuta hewa puani, akamtazama Kinyozi, akaitazama ile fulana yenye jina la nyumba yao. "Amekunywa nini?" akauliza kwa sauti ya mtu anayejua jibu.

"Hajanywa kitu, Nesi."

"Wote mnasema hivyo."

Kinyozi alitaka kuapa, akakumbuka yeye ni nani. "Mpime," akasema. "Mpime unachotaka. Ukikuta pombe nifungeni mimi."

Nesi alimtoboa kidole, akaweka tone la damu kwenye kimashine kidogo, akakitazama, akakitikisa, akamtoboa kidole kingine. Halafu akaanza kukimbia. Akaja daktari, zikaja dripu mbili, zikaja sindano. Baadaye yule Nesi alitoka kwenye korido, na sasa alizungumza kwa upole ambao ulimtisha Kinyozi kuliko ule ukali.

"Ni sukari," akasema. "Kisukari. Imepanda mpaka kipimo kimeshindwa kuisoma. Ikifika huko mtu ananuka hivyo, anayumba, macho yanaingia ukungu, anakunywa maji hashibi. Wengi wanadhani amelewa. Mmekuwa mkimpa nini huko?"

Kinyozi hakuweza kumwambia. Ilibidi amwambie, akamwambia: uji, glukosi, jagi baada ya jagi. Nesi alifumba macho kidogo tu. "Tuombe Mungu," akasema.

Mwalimu alikaa kwenye benchi akiwa ameshika miwani mapajani, na kwa mara ya kwanza hakuwa na msemo. Kinyozi akaomba simu yake, akampigia binti. Ikakatwa. Akapiga tena, ikakatwa. Mara ya tatu ikapokelewa.

"Dada, baba yako yuko hospitali."

"Mgonjwa wa kweli au mgonjwa wa chupa?"

"Wa kweli. Hajanywa, dada. Hakunywa hata tone."

"Mwalimu wenu mwenyewe kaniambia amekiri."

"Alikiri uongo."

Akasikia yule mwanamke anacheka kicheko kikavu. "Mlevi anakiri uongo! Hilo ndilo jipya sasa. Na wewe ni nani?"

"Mwenza wake."

"Mlevi mwenzake, sema."

Lakini alikuja. Alfajiri alikuwepo pale wodini, mwanamke mwenye uso wa baba yake na kanga begani, ameshika mkoba kwa mikono miwili kama anayeogopa kuibiwa. Alimpita Kinyozi bila salamu. Akafika kitandani, akainama, akanusa. Kinyozi alimwona. Aliona jinsi anavyoinama na jinsi anavyonyooka, uso umefungwa, akaijua ile pua ya mtoto aliyekua akimnusa baba yake kila anapoingia mlangoni. Binti akageuka kuondoka.

"Ngoja, dada," Kinyozi akamzuia njia. "Usiniamini mimi. Muulize Nesi."

Nesi aliitwa, akaeleza yote tena taratibu, akamwonyesha karatasi ya vipimo, akamweleza ile harufu ni nini. Binti alisikiliza huku anamwangalia kwa jicho la pembeni, kana kwamba hata huyu huenda amehongwa. Akauliza mara mbili. Akauliza, "Hata kidogo?" Nesi akasema, "Hata kidogo, mama." Ndipo ule mkoba ulipomshuka. Akavuta kiti, akakaa, akautia mkono wake chini ya mkono wa baba yake wenye sindano, na mabega yakaanza kumtikisika.

Jua lilipoingia dirishani Fundi Saa alifungua macho. Alitazama dari, akaitazama dripu, kisha akamwona binti yake. Midomo ilikuwa imekauka. Ilimchukua muda kupata sauti.

"Nimekunywa, mwanangu," akasema. "Nimekiri. Usiondoke."

"Hujanywa, baba. Wamekupima. Unaumwa sukari, baba, hukunywa."

"Nimekunywa."

"Hapana, baba."

"Nimekunywa mara kadhaa. Sokoni."

Binti aliinua uso, akamtafuta Kinyozi pale miguuni mwa kitanda. "Nani kamfundisha baba yangu kusema hivi?"

"Mimi," akasema Kinyozi.

Alidhani atapigwa, na angeshukuru. Binti alimwangalia tu, macho mekundu. "Basi njoo mwambie wewe," akasema. "Mimi haniamini."

Kinyozi akaja upande wa pili, akapiga magoti, akasogeza mdomo karibu na sikio la mzee yule. "Kaka, ni mimi. Uliniambia kweli pale uani. Hukunywa. Mimi ndiye niliyekosea, mimi na pua yangu. Sema hukunywa, tumalize. Binti yako yuko hapa, anataka kukusikia. Sema tu."

Fundi Saa aligeuza kichwa polepole. Akamtazama mwenza wake, akamtazama binti yake, akamtazama Mwalimu aliyesimama mlangoni na miwani mkononi. Akawapitia tena mmoja mmoja, na uso wake uliochoka ukapata ujanja kidogo, wa mtu aliyeshtukia mtego.

"Mnataka nikane," akasema, "ili mnifukuze."